Kuandaa makala ili isambazwe: kutoka lebo za ukurasa hadi kundi la WhatsApp

Mwandishi anayechapisha makala kwenye tovuti yake ana kazi mbili, na ya pili ndiyo husahaulika. Ya kwanza ni kuandika. Ya pili ni kuhakikisha kwamba kiungo cha makala kinaweza kutoka mikononi mwake, kikapita kwa mtu wa pili, wa tatu na wa kumi, na bado kikaeleweka kila kinapofika. Katika Afrika Mashariki sehemu kubwa ya safari hiyo hupita ndani ya WhatsApp, ambako mwandishi hayupo kumweleza mtu chochote: mpokeaji huona mistari michache, picha ndogo na jina la tovuti, kisha huamua kufungua au kuendelea na mazungumzo mengine. Kwa hiyo kila kitu kinachohitajika ili makala ieleweke na kuaminika lazima kibebwe na kiungo chenyewe, na hatua zinazofuata zinaeleza namna ya kukiandaa.

Mfano nitakaoutumia ni makala ya ufugaji yenye kichwa "Sileji ya mahindi kwa ng'ombe wa maziwa: namna ya kuitengeneza kwenye pipa". Sileji ni malisho mabichi yaliyokatwakatwa, kushindiliwa na kuhifadhiwa bila hewa. Mfano huu nimeuchagua kwa makusudi. Wasomaji wa makala ya namna hiyo wamo kwenye makundi ya wafugaji, wengi wao hutumia simu za bei nafuu na kununua intaneti kwa siku, na kichwa chake kina ritifaa, yaani ile alama (') ya neno ng'ombe, alama ndogo ambayo, kama itakavyoonekana, inaweza kuvuruga kazi nzima.

Hatua ya kwanza: andaa kadi ya kiungo

Unapobandika anwani ya makala kwenye Facebook, WhatsApp, Telegram au LinkedIn, programu hiyo huufungua ukurasa kimyakimya, husoma lebo (mistari ya maelezo ambayo msomaji haioni) zilizowekwa kwenye sehemu ya juu ya msimbo wake, yaani maandishi ya kompyuta yanayoujenga ukurasa, kisha hutengeneza kadi yenye picha, kichwa na maelezo mafupi. Lebo hizo hufuata utaratibu uitwao Open Graph, ulioanzishwa na Facebook mwaka 2010 na kukubaliwa baadaye na karibu mitandao yote. Nne ndizo za lazima kwa kazi yetu: og:title kwa kichwa, og:description kwa maelezo, og:image kwa picha, na og:url kwa anwani halisi ya makala. Mtandao wa X, uliokuwa ukiitwa Twitter, husoma lebo hizo pia, lakini huhitaji moja ya ziada, twitter:card, ambayo ukiipa thamani ya summary_large_image kadi hutoka na picha kubwa badala ya kipicha cha pembeni.

Anayetumia WordPress hahitaji kuandika lebo hizi kwa mkono, kwa kuwa programu-jalizi (programu ndogo za kuongezea kwenye tovuti) kama Yoast SEO na Rank Math huzijaza zenyewe na kumwachia mwandishi nafasi ya kurekebisha kila moja. Kwenye Blogger, washa sehemu ya maelezo ya utafutaji katika mipangilio, kisha ujaze maelezo ya kila makala kabla ya kuichapisha. Ninachosisitiza ni kwamba usiiachie programu ichague yenyewe. Ikikosa maelezo huchukua sentensi za kwanza za makala, na sentensi za kwanza za waandishi wengi ni salamu, shukrani au utangulizi ambao hauna habari yoyote ndani yake.

Kichwa cha kadi si lazima kifanane na kichwa cha makala. Juu ya ukurasa unaweza kuwa na kichwa kirefu, lakini kwenye kadi maneno yanayozidi herufi 60 hivi hukatwa, na mahali yanapokatwa hupachagui wewe. "Sileji ya mahindi kwenye pipa la lita 200" inatosha, na inampa mfugaji mdogo jambo analolitafuta, yaani kwamba haihitajiki shimo wala mashine kubwa. Maelezo nayo yaseme kitu. Badala ya kuandika "Soma makala hii ujue zaidi kuhusu sileji", andika kipimo cha vipande, muda wa kusubiri na dalili ya sileji iliyoharibika. Mtu anayekutana na taarifa ya kweli kwenye kadi huwa na sababu ya kuamini kwamba ndani ziko nyingine.

Picha iwe na upana wa pikseli 1200 na kimo cha pikseli 630, kwa sababu Facebook na LinkedIn hupendelea uwiano huo, na uzito wake usizidi KB 300. Picha nzito huonekana vizuri kwenye kompyuta ya mwandishi, kisha hushindwa kujitokeza kwenye WhatsApp bila maelezo yoyote. Anwani ya picha iandikwe yote, kuanzia https, si kipande chake tu. Kuhusu maneno juu ya picha, mimi hushauri yawe matatu au manne au yasiwepo kabisa. Kadi ikifika kwenye simu ndogo, mabango yaliyojaa maandishi huwa ukungu mtupu. Tumia picha uliyoipiga mwenyewe au uliyoruhusiwa kuitumia. Pipa halisi lililoshindiliwa na kufunikwa kwa nailoni humshawishi mfugaji kuliko picha ya ng'ombe wa Ulaya iliyochukuliwa mtandaoni.

Sasa turudi kwenye ritifaa. Katika msimbo wa ukurasa, thamani ya lebo huwekwa kati ya alama mbili za kunukuu, na baadhi ya violezo vya tovuti, yaani miundo ya kurasa iliyotengenezwa tayari, hutumia alama moja moja ambayo kwa kompyuta haina tofauti na ritifaa ya kawaida. Kiolezo cha namna hiyo kikikutana na neno ng'ombe, kompyuta huona kwamba thamani imeishia kwenye "ng", na kadi hutoka na kichwa kisemacho "Sileji ya mahindi kwa ng". Hali ni hiyo hiyo kwa ng'ambo, Ng'wanza na kila neno la jamii hiyo. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba lebo zote zimefungwa kwa alama mbili za kunukuu, au kuandika ritifaa kwa namba yake ya msimbo, yaani &#39;. Watengenezaji wengi wa violezo hawaandiki Kiswahili, hivyo kasoro hii hawaioni. Anayeiona ni msomaji wako.

Hatua ya pili: ikague kadi kabla ya kuituma

Facebook ina zana ya bure iitwayo Sharing Debugger, ambayo ukiipa anwani ya makala hukuonyesha kadi itakavyotoka na kukutajia lebo zilizokosekana. Umuhimu wake mkubwa uko mahali pengine: Facebook huihifadhi kadi mara inapoisoma kwa mara ya kwanza, kwa hiyo ukibadilisha picha baada ya kusambaza, watu wataendelea kuiona ile ya zamani hadi uiamuru isome upya kupitia zana hiyo. LinkedIn ina yake iitwayo Post Inspector, na Telegram ina roboti @WebpageBot, ambayo huitumii chochote zaidi ya kiungo nayo husasisha kadi.

WhatsApp haina zana ya namna hiyo, na utendaji wake ni tofauti kwa jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Kadi hutengenezwa kwenye simu ya mtumaji, si ya mpokeaji. Mtumaji akibandika kiungo na kubonyeza kitufe cha kutuma kabla simu yake haijamaliza kusoma ukurasa, wapokeaji wote watapata anwani tupu bila picha wala kichwa, hata kama lebo zako hazina kasoro. Hivyo mambo mawili yafanyike. Kwanza, wewe na wenzako wanaokusaidia kusambaza msubiri kadi ijitokeze juu ya sehemu ya kuandikia ndipo mtume. Pili, ukurasa wenyewe uwe mwepesi, kwa kuwa ukichelewa kufunguka kwa mtumaji mwenye mtandao hafifu, kadi haitajitokeza hata akisubiri. Kwa majaribio, jitumie ujumbe mwenyewe kwanza. Kama kadi ya zamani inang'ang'ania, ongeza ?v=2 mwishoni mwa anwani, nayo itahesabiwa kuwa anwani mpya.

Ikiwa kadi haitoki kabisa kwenye mtandao wowote, usihangaike na lebo peke yake. Mara nyingi mkosaji ni programu ya ulinzi ya tovuti au mipangilio ya seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), ambayo huzifungia nje roboti za mitandao ya kijamii, yaani programu zinazosoma kurasa zenyewe, ikizidhania kuwa za wavamizi. Mweleze anayekuhifadhia tovuti kwamba roboti ya Facebook, facebookexternalhit, iruhusiwe kusoma kurasa zako.

Hatua ya tatu: weka vitufe vichache, vyepesi, mahali panapofaa

Kuna tovuti ambazo makala huzungukwa na vitufe kumi na viwili, vikiwemo vya mitandao ambayo hakuna msomaji hata mmoja wa eneo letu anayeitumia. Kila kitufe cha ziada humpa msomaji kazi ya kuchagua, na vitufe vingi vilivyotengenezwa tayari hubeba msimbo mzito unaochelewesha ukurasa na kukusanya taarifa za wageni wako kwa manufaa ya wengine. Kwa tovuti ya Kiswahili yenye wasomaji wa simu, vitufe vinne vinatosha: WhatsApp, Facebook, Telegram, na kitufe cha kunakili kiungo. X na LinkedIn ziongezwe pale tu ambapo wasomaji wako wapo huko.

Tena, usiitegemee kampuni moja kwa kazi hii. AddThis, huduma ya vitufe iliyokuwa imeenea mno duniani, ilifungwa na mmiliki wake, Oracle, tarehe 31 Mei 2023, na tovuti zilizokuwa zikiitumia zikajikuta hazina vitufe mara moja. Njia salama ni kutumia anwani za kawaida ambazo mitandao yenyewe imezitoa, kwa kuwa hizo ni viungo tu na hazihitaji msimbo wowote wa nje:

WhatsApp: https://wa.me/?text=
Facebook: https://www.facebook.com/sharer/sharer.php?u=
Telegram: https://t.me/share/url?url=
LinkedIn: https://www.linkedin.com/sharing/share-offsite/?url=

Baada ya alama ya sawasawa hufuata anwani ya makala, na kwa WhatsApp unaweza kutanguliza maneno yako. Maneno hayo hayaandikwi yalivyo. Nafasi kati ya maneno huandikwa %20, mstari mpya huandikwa %0A, na ritifaa ya ng'ombe huandikwa %27. Zipo zana nyingi za bure mtandaoni zinazobadilisha sentensi nzima kwa mkupuo, ila nyingi, pamoja na amri ya JavaScript encodeURIComponent, huiacha ritifaa ilivyo, kwa hiyo hiyo uibadilishe kwa mkono.

Ikiwa unaye fundi wa tovuti, mwombe aongeze kitufe kimoja kinachotumia amri ya navigator.share. Amri hiyo hufungua orodha ile ile ambayo simu huionyesha mtu anaposambaza picha, ikiwa na programu zote alizonazo na watu anaowasiliana nao mara kwa mara, na hufanya kazi kwenye tovuti zinazotumia https pekee. Kwa maoni yangu hicho ndicho kitufe bora kuliko vyote kwa msomaji wa simu, kwa sababu hakimlazimishi kutumia mtandao uliouchagua wewe.

Vihesabio vinavyoonyesha makala imesambazwa mara ngapi viache. Twitter iliacha kutoa hesabu hizo tangu Novemba 2015, WhatsApp haijawahi kuzitoa, na kihesabio kinachosoma sifuri humfukuza msomaji ambaye angekuwa wa kwanza.

Mahali pa vitufe ni mwisho wa makala, ambapo mtu amekwisha kuridhika, na pengine mara moja zaidi baada ya aya yenye jibu kuu. Vitufe vinavyoelea na kufuata kidole huziba maandishi kwenye simu ndogo, na dirisha linalojitokeza ghafla kumwomba mtu asambaze makala ambayo hajaisoma ni utovu wa adabu.

Hatua ya nne: andika ujumbe unaojitosheleza

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo waandishi wengi hupitia haraka. Kampuni za simu katika nchi zetu huuza vifurushi vya bei ndogo vinavyofungua WhatsApp au mitandao ya kijamii peke yake. Msomaji mwenye bando la namna hiyo huweza kupokea ujumbe wako, kuusoma na kuusambaza kwa kundi lingine, lakini akibonyeza kiungo, ukurasa haufunguki kwa sababu tovuti yako iko nje ya kifurushi chake. Mtu huyo si wa kupuuzwa. Ndiye anayeweza kuupeleka ujumbe kwa mwenye bando kamili.

Kwa sababu hiyo, ujumbe wa WhatsApp uwe na kiini cha makala, si chambo. Mfano wake ni huu:

*Sileji ya mahindi kwenye pipa la lita 200*
Vuna mahindi punje zikiwa zimeanza kukomaa lakini bado laini. Kata mimea yote vipande vya sentimita 2 hadi 3, shindilia safu kwa safu mpaka hewa itoke, kisha funika usiache upenyo. Baada ya mwezi mmoja hivi iko tayari kwa ng'ombe.
Kiasi cha kulisha kwa siku na dalili za sileji iliyoharibika: tovutiyako.co.tz/sileji

Nyota mbili zilizozunguka kichwa hukigeuza kuwa maandishi mazito ndani ya WhatsApp. Kiungo kimewekwa mwishoni, kikiwa kimetanguliwa na sababu ya kukifungua. Anwani ni fupi na ina jina la tovuti, jambo lenye faida mbili: msomaji anajua anakwenda kwa nani, na hata mtu akinakili maneno tu na kuyabandika mahali pengine, kama inavyotokea kila siku, jina la mwenye makala linabaki ndani ya maneno hayo. Wapo waandishi wanaolalamika kwamba kazi zao zinazunguka kwenye makundi bila kutajwa. Tiba mojawapo ni kuandika ujumbe ambao jina la tovuti ni sehemu ya sentensi, kwa kuwa watu wengi hunakili walichopewa bila kukihariri.

Huduma za kufupisha viungo nazishauri kwa uangalifu mkubwa. Google ilikuwa na yake, goo.gl, na iliacha kupokea viungo vipya mwaka 2019. Isitoshe, wasomaji wetu wamekwisha kuumizwa na matapeli wanaotuma viungo vifupi vya zawadi na ajira hewa, na wengi hawabonyezi kitu kisichoonyesha mwenye nyumba. Tengeneza anwani fupi kwenye tovuti yako mwenyewe.

Mitandao mingine haihitaji maelezo marefu. Kwenye X, ujumbe wa kawaida una nafasi ya herufi 280, na kiungo chochote, kirefu au kifupi, huhesabiwa kuwa herufi 23. Instagram hairuhusu kiungo kilichowekwa kwenye maelezo ya picha kibonyezeke, hivyo kiungo huwekwa kwenye wasifu au kwenye stori kwa kibandiko cha kiungo. Facebook hupokea ujumbe mrefu vizuri. Ipo imani kwamba kiungo kikiwekwa kwenye maoni ya kwanza badala ya ujumbe wenyewe hufika kwa watu wengi zaidi, lakini mimi siifuati kwa sababu iliyo wazi: ujumbe ukisambazwa na mtu mwingine, maoni hayafuatani nao, na kiungo hubaki nyuma.

Hatua ya tano: chagua njia za kupitishia

Ndani ya WhatsApp zipo njia nne, na kila moja ina mpaka wake. Kundi hupokea hadi watu 1,024. Orodha ya matangazo hupokea watu 256, lakini ujumbe huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako kwenye simu zao, kwa hiyo kila unapokutana na msomaji mpya mwombe aihifadhi. Hali, ambayo wengi huiita stetasi, hudumu saa 24. Chaneli, iliyoanza kuenea duniani mwaka 2023, haina mpaka wa wafuasi wa kuhofia na haiwaonyeshi wafuasi namba zao kwa wao wala kwako, jambo linaloifanya ifae zaidi kwa tovuti inayokua.

Kumbuka pia kwamba WhatsApp imeweka breki kwenye usambazaji. Tangu mwaka 2019 ujumbe hauwezi kusambazwa kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa wakati mmoja, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi hupelekwa kwenye mazungumzo moja moja tu. Anayetaka makala yake ifike kwenye makundi mengi basi asitegemee ujumbe mmoja unaozunguka. Aandike upya kwa kila kundi, akiutaja mkoa wao au msimu wao, na ujumbe wa namna hiyo hupokewa kwa heshima zaidi.

Adabu za kundi zizingatiwe. Mwombe msimamizi ruhusa kabla ya kuweka kiungo cha kwanza, salimia, na ujibu maswali yatakayofuata badala ya kutupa kiungo na kutoweka. Usichukue namba za wanakikundi ukazitumia kuwatumia watu ujumbe mmoja mmoja. Mbali na kuwa kero, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Uganda ina yake ya mwaka huo huo, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na namba ya simu ni taarifa binafsi.

Usiweke matumaini yote kwenye mtandao mmoja. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, na kufungwa huko kulidumu miaka mingi baada ya kura kuhesabiwa. Tanzania iliuzuia mtandao wa X Mei 2025. Mwandishi aliyekuwa na wasomaji wake wote upande mmoja alipoteza njia ya kuwafikia usiku mmoja. Anwani za barua pepe ulizopewa na wasomaji kwa hiari yao, hata zikiwa chache, haziwezi kufungwa kwa namna hiyo.

Hatua ya sita: tumia zana za kupanga muda, ukizijua mipaka yake

Zana za kupanga machapisho humwezesha mtu kuandaa kazi ya wiki nzima kwa mkao mmoja. Meta Business Suite ni ya bure na hupanga machapisho ya ukurasa wa Facebook na ya Instagram. Buffer hushughulikia mitandao mingi kwa pamoja na ina mpango wa bure wenye mipaka. Jetpack Social hupeleka makala ya WordPress kwenye mitandao mara tu inapochapishwa.

Hata hivyo, milango imekuwa ikifungwa. Facebook ilizikataza zana za nje kuchapisha kwenye akaunti za watu binafsi tangu Agosti 2018, na Aprili 2024 ikaziondolea pia uwezo wa kuchapisha kwenye makundi. Jetpack iliacha kupeleka makala Twitter mwaka 2023 baada ya mtandao huo kuanza kudai malipo makubwa kwa zana za nje. Kinachobaki wazi kwa uhakika ni kurasa rasmi, kwa hiyo anayetaka zana zimsaidie afungue ukurasa wa tovuti yake na asitumie akaunti yake binafsi.

Jambo la saa linahitaji umakini kuliko linavyoonekana. Zana hizi huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, na baadhi yake, usipozirekebisha, hufuata saa ya kimataifa ya UTC. Ukitaka ujumbe utoke saa mbili usiku kwa saa za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, chagua 20:00 au 8 PM, na kama zana iko kwenye UTC chagua 17:00. Ukiandika 2 AM kwa mazoea ya lugha, ujumbe utatoka saa nane usiku, wafugaji wamelala. Wasomaji wa Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi wako nyuma yetu kwa saa moja, na wale wa Muscat wako mbele kwa saa moja. Saa ipi ni bora, takwimu zako mwenyewe zitakuambia. Orodha za saa bora zilizoandikwa Marekani zinaeleza mazoea ya Wamarekani.

Hatua ya saba: pima, lakini usome vipimo kwa akili

Ili kujua msomaji ametoka wapi, huongezwa vitambulisho mwishoni mwa anwani, kwa mfano:

tovutiyako.co.tz/sileji?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=kiangazi

Google Analytics, zana ya kupima wageni wa tovuti, husoma vitambulisho hivyo na kuvipanga. Andika kila kitu kwa herufi ndogo, maana WhatsApp na whatsapp huhesabiwa kuwa vyanzo viwili tofauti. Thamani ya utm_medium iache kuwa social, hata kama unapenda kuiandika kwa Kiswahili, kwa sababu Google hulitambua neno hilo na kuliweka kwenye kundi la mitandao ya kijamii. Usiweke vitambulisho hivi kwenye viungo vinavyounganisha kurasa za tovuti yako, kwa kuwa vitafuta chanzo halisi cha mgeni.

Bila vitambulisho, wageni wengi wa WhatsApp huorodheshwa kama watu walioandika anwani wenyewe, na mwandishi hudhani WhatsApp haimletei mtu. Kwa upande mwingine, vitambulisho navyo husafiri. Msomaji aliyefungua kiungo kutoka WhatsApp akikinakili na kukipeleka Facebook, wote watakaokuja kupitia Facebook wataandikwa kuwa wametoka WhatsApp. Kitambulisho basi kinaeleza safari ilianzia wapi, si ilikopita mwisho. Hilo si kasoro ukilijua: idadi kubwa inayozidi ukubwa wa makundi uliyoyatumia ni ushahidi kwamba makala imetoka nje ya mzunguko wako.

Kipimo ninachokithamini kuliko idadi ya waliofungua ni idadi ya waliofika chini ya ukurasa. Wengi wakifungua na kuondoka mara moja, kadi iliahidi kitu ambacho makala haikukitoa, na dawa ni kuirekebisha kadi au makala, si kuongeza makundi.

Hatua ya nane: isambaze tena kwa msimu wake

Makala ya sileji haizeeki, ila ina majira yake. Katika Iringa, Njombe na Mbeya, ambako mvua ni za msimu mmoja kuanzia Novemba au Desemba, mahindi hufikia hatua ya kuvunwa kwa sileji kabla mvua hazijakatika, hivyo ujumbe wa Februari humkuta mfugaji bado ana muda wa kutafuta pipa. Katika maeneo ya Bonde la Ufa nchini Kenya yanayopanda Machi na Aprili, wakati wa kusambaza ni Juni au Julai. Ukiutuma kiangazi kimeshakolea, mahindi yamekwisha kukauka na ushauri hauna kazi hadi mwaka ujao.

Kabla ya kuisambaza tena, ipitie, rekebisha bei na vipimo vilivyobadilika, badilisha picha ya kadi, na uiamuru Facebook isome upya. Anwani usiiguse. Viungo ulivyotuma miaka iliyopita bado vimo ndani ya simu na makundi ya watu, na vitaendelea kubonyezwa. Kama ni lazima kuibadilisha, kwa mfano umehamia jina jipya la tovuti, mwambie fundi aweke uelekezaji wa kudumu wa namba 301 kutoka anwani ya zamani kwenda mpya, kwa kila makala peke yake na si kuwapeleka wageni wote kwenye ukurasa wa mwanzo, kisha ujaribu viungo kumi hivi vya zamani kwa kuvibonyeza ndani ya WhatsApp yenyewe.